Akingoja, Anangoja na Nani?

Dada yangu alinipigia simu saa sita usiku, na kwa dakika nzima hakusema neno. Nilisikia pumzi zake tu. Kisha akasema, "Mwanangu ameniambia yeye si msichana. Anasema ni mvulana, tena amelijua hilo siku nyingi. Wewe ndiye msomaji kwenye ukoo huu. Niambie nifanye nini."

Kosa langu la kwanza nililifanya palepale: nilijibu. Nilimwambia ni mambo ya umri, yatapita, asimkaripie, ila amnyang'anye simu kwa muda ili akili itulie. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja juu ya jambo hilo. Mtoto alikuwa na miaka 13. Simu alinyang'anywa wiki tatu. Muda mrefu baadaye aliniambia, bila hasira, kwamba katika wiki zile tatu hakuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye, na kwamba alijua ushauri ule ulitoka kwa Mjomba.

Imepita miaka miwili. Katika miaka hiyo nimesoma kuliko nilivyosoma nikiwa mwanafunzi, na ninaandika haya kwa idhini yake. Ameyapitia kabla yenu. Alifuta aya mbili, akasema hizo ni zake, si zangu za kusimulia. Jina lake halimo. Nitamwita mpwa wangu, na neno hilo nimelichagua kwa makusudi.

Kiswahili, unajua, kilitubeba kabla hatujagundua kwamba tunahitaji kubebwa. Ziko lugha ambazo familia kama yetu hujikwaa kwenye sentensi ya kwanza kabisa, kwa sababu huwezi kusema "amekula" bila kuamua kama aliyekula ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunasema amekula, amelala, anaumwa kichwa, na hakuna aliyelazimika kutamka lolote. Mwana, mtoto, mjukuu, mpwa: maneno haya yote yamekaa kimya kuhusu jinsia. Bibi yake, ambaye hadi leo hajasema kama anakubali au anakataa, anaendelea kumwita "mjukuu wangu" kama alivyomwita tangu siku aliyozaliwa, na hakuna aliyeumia.

Ugumu uko kwa "kaka" na "dada". Mdogo wake wa miaka sita alikuwa amezoea kumwita dada. Siku moja alimuuliza waziwazi mezani, watu wote wakiwa kimya, "Sasa nikuite nani?" Mpwa wangu akamjibu, "Niite jina langu." Mtoto akaitikia, akaendelea kula. Sisi watu wazima ndio tuliobaki tumeshika vijiko.

Lugha yetu ina neno jingine la zamani: huntha. Lilikuja na elimu ya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, ambamo wanazuoni walikaa karne nyingi wakijadili mtu ambaye mwili wake haukuonyesha wazi kama ni wa kiume au wa kike: asimame wapi kwenye safu ya sala, arithi fungu gani. Wapo waliompa wastani wa fungu la mwanamume na la mwanamke. Mpwa wangu si huntha. Mwili wake hauna utata wowote, na madaktari walithibitisha. Nalitaja neno hili kwa sababu watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, na pia kwa sababu linanikumbusha kwamba waliotutangulia hawakumkimbia mtu asiyeingia kwenye visanduku viwili. Walikaa chini, wakahangaika naye, wakamtafutia nafasi.

Wala matibabu ya kubadilisha jinsia si jambo la juzi. Mwaka 1919 daktari Magnus Hirschfeld alifungua taasisi yake Berlin, na watu walioteseka na jinsia waliyozaliwa nayo walitibiwa humo hadi mwaka 1933, ilipovamiwa wakati wa Wanazi na vitabu vyake kuchomwa moto hadharani. Mwishoni mwa 1952 na mwanzoni mwa 1953 magazeti ya Marekani yalijaa picha za Christine Jorgensen, aliyewahi kuwa askari, alipotibiwa Copenhagen na kurudi nyumbani akiwa mwanamke. Iran, nchi ambayo hakuna atakayeiita ya kiliberali, iliruhusu upasuaji huu kwa fatwa ya Ayatollah Khomeini katika miaka ya 1980, baada ya Maryam Molkara kumwendea yeye mwenyewe kuomba. Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, liliiondoa hali hii kwenye sura ya magonjwa ya akili.

Kwa hiyo ugomvi wa leo hauhusu kama watu hawa wapo. Wapo. Wala kwangu hauhusu mtu mzima anayeamua juu ya mwili wake mwenyewe. Unahusu mtoto wa miaka 13, na hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa hofu.

Nianze na dawa za kusitisha balehe, maana wengi wanaozigombania hawajui zinavyofanya kazi. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayoitwa hipothalamasi. Wakati wa balehe ukifika, sehemu hiyo huanza kutoa homoni kwa midundo, kama mtu anayepiga ngoma taratibu, mdundo mmoja kila baada ya saa moja au saa na nusu hivi. Tezi ya pituitari huisikia ngoma hiyo, nayo huziamsha ovari au korodani. Dawa za kusitisha balehe hufanana na homoni ile, ila hazina mdundo. Hukaa mwilini mfululizo, bila kukatika, na pituitari ikisikia sauti isiyokatika huacha kuisikia. Balehe inasimama. Wanasayansi walioipambanua homoni hiyo, Andrew Schally na Roger Guillemin, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Dawa hizi hutumika kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume. Hutumika pia kwa watoto wanaobalehe mapema mno, msichana kabla ya miaka minane, mvulana kabla ya miaka tisa. Si sumu iliyobuniwa na watu wenye ajenda, kama alivyonieleza mtu mmoja kwa uhakika mkubwa. Lakini pia si kweli kwamba kwa kuwa zimetumika miaka mingi kwa mtoto wa miaka sita, basi tunajua yote kuhusu mtoto wa miaka 13. Kwa yule wa miaka sita tunasimamisha kitu kilichowahi, kisha tunakiachia kirudi kwa wakati wake. Kwa yule wa 13 tunasimamisha kitu kilichofika kwa wakati wake. Sindano ni ileile, swali si lile. Miaka ya balehe ndiyo mifupa inapojiwekea akiba ya maisha, na akiba hiyo hupungua kasi dawa ikiendelea. Na mtoto anayesitishiwa balehe mapema sana, kisha akaingia moja kwa moja kwenye homoni za jinsia nyingine, mayai au mbegu zake zinaweza zisipevuke kamwe. Hilo daktari mzuri hulisema mwanzoni, kabla ya kuulizwa.

Waanzilishi wa njia hii kwa vijana walikuwa madaktari wa Amsterdam. Walichagua kwa uangalifu: watoto ambao dhiki yao ilianza utotoni, ambao hawakuwa na matatizo mengine mazito ya akili, na ambao familia zao ziliwasimamia. Mwaka 2014 walichapisha matokeo ya vijana 55 waliopitia safari nzima, kuanzia dawa za kusitisha balehe hadi upasuaji. Wengi walikuwa wazima, wanasoma, wanafanya kazi, wana marafiki. Niliposoma karatasi ile nililia kidogo, kwa sababu nilimwona mpwa wangu ndani yake. Kisha nikasoma tena, nikakumbuka kwamba hawa walikuwa wachache waliochujwa, na kwamba mmoja wa kundi lile la awali alifariki kutokana na maambukizi baada ya upasuaji.

Kilichofuata nchi nyingine kilikuwa tofauti. Kliniki kuu ya watoto ya Uingereza, iliyokuwa London, ilipokea rufaa za watoto wasiofika 250 mwaka 2011 hadi 2012. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya 5,000 kwa mwaka. Wengi sasa walikuwa wamesajiliwa wasichana walipozaliwa, dhiki yao ilianza katika balehe, na wengi walikuwa na tawahudi, sonona au majeraha ya maisha. Njia iliyotengenezwa kwa kundi moja ilitumiwa kwa kundi jingine. Mpwa wangu yuko karibu zaidi na kundi hili la pili, na sitaficha kwamba hilo lilinikosesha usingizi.

Kuna namba moja ambayo sijaweza kuiacha. Kliniki hiyohiyo ya London ilichapisha mwaka 2021 matokeo ya watoto 44 wa miaka 12 hadi 15 waliopewa dawa za kusitisha balehe. Mwisho wa dawa hizo, 43 waliendelea na homoni. Arobaini na tatu kati ya arobaini na nne. Dawa hii hutangazwa kama kituo cha kupumzikia, mahali ambapo mtoto anakaa na kufikiri bila mwili kumkimbiza. Sasa ukiona karibu kila anayeingia kituoni anatokea upande uleule, unaweza kusema madaktari waliwachagua sawasawa, wale waliokuwa kweli na haja. Unaweza pia kusema kituo chenyewe kina mteremko: mtoto asiyebalehe wakati wenzake wanabalehe hapati nafasi ya kukutana na mwili ambao angeukataa au kuukubali. Namba ni ileile, na haisemi ni lipi. Nimekutana na watu wa pande zote mbili wanaoitaja namba hii kana kwamba imemaliza ubishi, na kila mara natamani kuwauliza: umejuaje?

Ndiyo maana ripoti ya Hilary Cass, iliyotoka Uingereza Aprili 2024, niliisoma kwa siku nyingi. Yeye ni daktari bingwa wa watoto, na aliwategemea watafiti wa Chuo Kikuu cha York waliopitia tafiti moja baada ya nyingine. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ushahidi juu ya dawa hizi kwa watoto ni hafifu. Sweden ilikuwa imeshabana matumizi yake mwaka 2022, Finland mwaka 2020. Baada ya ripoti, serikali ya Uingereza ilizuia dawa hizo nje ya utafiti, na Desemba 2024 zuio likafanywa la muda usiojulikana.

Neno "hafifu" likaanza kutembea peke yake. Upande mmoja ukalitafsiri kuwa "imethibitika haifai". Halimaanishi hivyo. Ushahidi hafifu ni taa yenye mwanga mdogo. Huoni vizuri kilichomo chumbani, na hiyo haina maana kwamba chumba ni kitupu, wala haina maana kwamba hakuna nyoka. Upande wa pili ukasema tiba nyingi za watoto zina ushahidi hafifu na bado zinatumika. Hilo ni kweli, lakini jibu hilo huniacha na njaa, kwa sababu hapa tunazungumzia uzazi na mifupa ya mtoto ambaye hajui bado kama atataka kuzaa. Pale uzito wa jambo unapopanda, ndipo ninapotaka mwanga zaidi.

Na mwanga unaweza kupatikana. Huko Melbourne, Australia, watafiti waliwachukua watu wazima 64 waliotaka testosteroni, homoni ya kiume, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu waanze mara moja, nusu wasubiri miezi mitatu kwenye foleni ambayo wangeisubiri hata hivyo. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Walioanza mapema walikuwa na dhiki ndogo, sonona ndogo, na mawazo machache ya kujiua. Walikuwa watu wazima, muda ulikuwa mfupi, na kila mtu alijua yuko kundi gani. Lakini lilikuwa swali la kweli lililoulizwa kwa njia ya kweli, na lilijibu. Cass mwenyewe alipendekeza utafiti ufanywe kwa vijana. Sehemu hiyo ya ripoti yake haitajwi sana na wanaompigia makofi, wala na wanaomzomea.

Wala wataalamu hawakubaliani. Mwaka 2025 madaktari wa Ujerumani, Austria na Uswisi walitoa mwongozo unaoacha mlango wa matibabu wazi kwa kijana mmoja mmoja, baada ya tathmini ya kina. Vyama vikubwa vya madaktari vya Marekani navyo vimetetea matibabu haya. Watu wenye elimu ileile, wakisoma karatasi zilezile, wanafika mahali tofauti, kwa sababu kinachowatofautisha si sayansi peke yake. Ni kile kila mmoja anachokiogopa zaidi: kumtibu mtoto ambaye hakuhitaji, au kumnyima aliyehitaji.

Keira Bell, Mwingereza, alianza dawa akiwa na miaka 16, homoni akiwa na 17, akaondolewa matiti akiwa na 20, kisha akajuta na kwenda mahakamani. Hukumu ya Desemba 2020 ilimpa ushindi, na ya rufaa, Septemba 2021, ikaubatilisha. Nilimsomea dada yangu kisa hicho kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na wale wasiojuta, nani anawasomea mama zao?"

Tuna methali mbili zinazogombana tangu zamani. Haraka haraka haina baraka. Ngojangoja huumiza matumbo. Ninavyoona, mjadala huu wote duniani umegawanyika kati ya wenye ya kwanza na wenye ya pili, na kila upande unasahau kwamba mwili wa mtoto hausikilizi methali. Balehe haisubiri kikao. Anayesema "tungoje" ameshaamua: ameamua kwamba matiti yaote, hedhi ije kila mwezi, au kwa mtoto mwingine, sauti ivunjike na ndevu ziote. Huenda uamuzi huo ni sahihi. Kwa watoto wengi nadhani ni sahihi. Lakini usiuite kutofanya kitu.

Hapa ndipo ninapokasirika. Huko Uingereza Cass aliwakuta watoto waliokuwa wamesubiri zaidi ya miaka miwili kabla ya kuonwa mara ya kwanza. Miaka miwili, kwenye umri wa miaka 14, ni balehe nzima. Ripoti yake inataka mtoto huyo aonwe kama mtoto mwingine yeyote, mtu kamili mwenye usingizi wake, shule yake, huzuni yake, si kama swali moja linalotembea kwa miguu miwili. Kufunga dawa ni kazi ya saini moja. Kumpata mtaalamu wa kukaa na mtoto kila wiki ni kazi ya miaka na fedha. Kila serikali iliyotia saini ile na ikaacha kazi hii ya pili imemwambia mtoto angoje peke yake.

Marekani wameliamua kwa njia nyingine. Arkansas ilianza mwaka 2021, na leo majimbo zaidi ya 20 yanakataza matibabu haya kwa walio chini ya miaka 18. Juni 18, 2025, Mahakama ya Juu, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliiacha sheria ya Tennessee isimame. Nilitafuta maneno ya sheria ile nikayasoma mwenyewe. Inamkataza daktari kumpa mtoto kama mpwa wangu dawa za kusitisha balehe, ila inaruhusu dawa zilezile kwa aliyebalehe mapema. Hilo naweza kulielewa. Lakini inaruhusu pia matibabu ya watoto waliozaliwa na maumbile yenye utata, yaani huntha, watoto wachanga ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakipasuliwa ili wafanane na msichana au mvulana, kabla hawajaweza kusema neno. Kwa hiyo mtoto wa miaka 16 anayeomba anakataliwa kwa kuwa hajui anachotaka, na mtoto wa miezi sita asiyeomba chochote anaweza kupasuliwa kwa kuwa wakubwa wanajua. Malta ilipiga marufuku upasuaji wa namna hiyo mwaka 2015. Kama hoja ni kuwalinda watoto dhidi ya yasiyorudishika, hapo ndipo ningetarajia waanzie.

Kisa cha David Reimer ndicho kilichonifundisha kuwaogopa watu wazima wenye uhakika. Alizaliwa mvulana huko Winnipeg, Canada, mwaka 1965. Tohara yake ilifanywa kwa kifaa cha umeme na uume wake ukaungua kabisa. Mwanasaikolojia John Money wa Baltimore aliwashauri wazazi wamlee kama msichana. Alipasuliwa, akavishwa magauni, akapewa homoni alipofika balehe, na kwa miaka mingi Money aliandika kwamba jaribio limefanikiwa. Mtoto alikuwa anakataa magauni tangu angali mdogo. Alipoambiwa ukweli akiwa na miaka 14 alirudi kuishi kama mvulana. Alijiua mwaka 2004.

Wanaopinga matibabu hukitaja kisa hiki kuthibitisha kwamba jinsia haibadilishwi. Wanaotetea hukitaja kuthibitisha kwamba anachojijua mtu ndani hakiandikwi kwa dawa wala mavazi. Nikikisoma mimi, namwona mtoto aliyekuwa anasema kila siku, kwa miaka, na chumba kizima cha watu wenye shahada ambacho hakikumsikiliza kwa sababu nadharia ilikuwa nzuri. Nadharia nzuri ziko pande zote mbili leo.

Kuna sentensi moja ninaomba isitumike tena. Mtu mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kusaidia familia, alimuuliza dada yangu mbele ya mtoto: "Unataka mwana aliye hai au binti aliyekufa?" Dada yangu hakulala siku nne. Alificha visu na vidonge. Mtoto naye alikuwa amesikia, na aliniambia baadaye kwamba kabla ya siku ile hakuwahi kufikiri kwamba kufa ni jambo ambalo watu kama yeye hutegemewa kufanya. Vijana hawa wako kwenye hatari kubwa kuliko wenzao, hilo ni kweli na linastahili uangalizi wa karibu. Lakini Uingereza ilipodaiwa kwamba kubanwa kwa dawa tangu mwishoni mwa 2020 kumeleta wimbi la vifo, Louis Appleby, mshauri wa serikali wa kuzuia kujiua, alizipitia takwimu mwaka 2024 na hakuona wimbi hilo, akaonya kwamba kuzungumza hivyo kwenyewe ni hatari kwa vijana. Na walio upande wa pili wasifurahi haraka. Mwingine alimwambia dada yangu kwamba mtoto ana pepo, na kwamba mama aliyemlea ndiye aliyelifungulia mlango. Sentensi zote mbili zilifanya kazi moja: zilimwacha mama peke yake na hofu.

Sasa niseme tulichofanya, kwa kuwa baada ya nadharia zote hizi bado palikuwa na mtoto wa kuamka naye asubuhi.

Siku zake mbaya kuliko zote zilikuwa za hedhi. Alikuwa hajifungii chumbani kwa maumivu. Alijifungia kwa sababu hakutaka mwili wake uwepo. Mwaka mzima ulipita kabla muuguzi mmoja hajatuambia jambo rahisi: ziko dawa za kawaida za kusitisha hedhi, zinazotumiwa na wanawake wengi kwa sababu nyingi, na ukiziacha hedhi hurudi. Zilibadilisha nyumba ile kuliko kitu kingine chochote. Katika kelele zote nilizosoma juu ya dawa za balehe, sikumbuki mtu aliyepiga kelele kuhusu dawa hii, labda kwa sababu haina wa kuigombania. Alikata nywele. Alipata fulana ya kubana kifua, na mama yake akajifunza kwamba hailaliwi nayo na haivaliwi kutwa nzima, maana mbavu na pumzi huumia. Alipata pia mtu wa kuzungumza naye kila wiki mbili, mama mmoja mtulivu ambaye, mpwa wangu anasema, hajawahi kumwambia kama anamwamini au hamwamini. Anamuuliza tu maswali na kungoja majibu.

Homoni hajaanza. Ana miaka 15. Kuna miezi anataka kesho, na kuna miezi anasema, "Sijui, Mjomba, niache kwanza." Nimejifunza kutoifurahia miezi hii ya pili mbele yake.

Anaimba. Ndicho kitu alichokuwa nacho kabla ya haya yote, na hakijaondoka. Nilipomweleza, kama nilivyosoma, kwamba testosteroni hunenepesha nyuzi za sauti, kwamba sauti hushuka ndani ya miezi na haipandi tena hata ukiacha dawa, alikaa kimya kuliko nilipomweleza habari za uzazi. Akauliza, "Nitaweza kuimba?" Nikamwambia wengi huimba tena, baada ya sauti kuvunjika na kutulia, lakini si sauti hii. Wiki ile alirekodi nyimbo tatu kwenye simu ya mama yake. Alisema si kwamba ameamua. Alisema anataka tu ziwepo.

Juzi tulikwenda wote watatu kumwona daktari wa homoni kwa mara ya kwanza. Mpwa wangu alikuwa ameandika maswali kumi na moja kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa kulala, na la kwanza lilikuwa, "Nisipofanya chochote kwa miaka mitatu, utanisaidiaje katika miaka hiyo mitatu?" Dada yangu alilisoma, akalifunga daftari, akalishika mapajani mwake njia nzima.

Tulikaa kwenye benchi karibu saa mbili. Muuguzi alipotoka aliita jina lililo kwenye kadi, lile la zamani. Mpwa wangu aliinuka. Alipomfikia alimwambia kitu kwa sauti ya chini, nami kutoka nilipokuwa nilisikia jina lake. Muuguzi alimtazama, akatoa penseli mfukoni, akaliandika pembeni ya lile la kwanza, akatushikia mlango.